Mchanga wa Kwa Waitara

Nyamisangura, Tarime
6 Mei 2024

Mwalimu Hezekia,

Shikamoo. Ni mimi, Judith Magige. Miaka mitatu sijakuandikia, na sababu tunaijua wote wawili. Kama utaichana barua hii kabla hujafika mstari wa tatu, nitaelewa. Nimesikia masikio yako hayapati simu tena, kwamba mashine za kusaga kokoto ziliyamaliza, ndiyo maana nimeshika kalamu. Naipeleka kwa dereva wa gari la Mugumu. Anasema anapita hapo Natta na nyumba yako anaijua.

Siku hizi mimi ndiye mkuu wa maabara, kwenye kiti chako. Tumepata kazi ya bweni la wasichana la kanisa moja huko Nyanungu, jengo la ghorofa moja. Mkandarasi ni Nashoni Mogesi. Uwiano wa zege nimeupanga mimi mwenyewe, gredi 25, kwa mchanga wa darajani ambao niliupima na kuuona msafi. Sasa mvua imekata njia ya darajani. Mogesi anataka kuchukua mchanga wa Kwa Waitara, kona ya juu ya mto huohuo, maana uko jirani na ujenzi. Slabu ya ghorofa anataka kuimwaga wiki ijayo. Mimi nikianza kupima upya, nimwage zege la majaribio na kulisubiri, ni mwezi mzima.

Wewe ulijenga makalavati kule mwaka 2014. Mchanga ule unaujua. Je, ni sawa na wa darajani?

Na unisamehe kwa lile. Ile taarifa niliiandika kwa sababu wewe mwenyewe ulinifundisha kwamba namba haidanganywi.

Mwanafunzi wako,
Judith

*

Natta, Serengeti
9 Mei 2024

Mwanangu Judith,

Marahaba. Sikuichana. Huku kijijini mtu anasoma hata karatasi iliyofungiwa sukari, sembuse barua yenye jina lake.

Uliyoyaandika mwaka 2021 yalikuwa kweli. Nilisaini matokeo ya vipande vya zege ambavyo mashine haikuvigusa. Ulikuwa umekula kwangu siku ileile, ugali na samaki, ukamsaidia Specioza kuosha vyombo, kisha ukaenda kuandika. Mimi wakanifukuza. Mke wangu alikuulizia mpaka wiki aliyofariki. "Judith hajaja?" Nikamwambia una kazi nyingi. Lakini hayo yamepita, nilishakusamehe zamani, wala usiyabebe.

Kuhusu mchanga, usihangaike. Mto ni mmoja na mchanga ni mmoja. Makalavati yangu yako palepale, yanapitisha ng'ombe na malori. Mwaga.

Wako,
Hezekia

*

Nyanungu
15 Mei 2024

Dada Judith,

Pole na kazi. Ni mimi Yona Maige, msimamizi wa mafundi wa Mogesi. Tulionana ulipokuja kutufundisha kupima. Hapa mtandao mpaka upande kilimani, kwa hiyo karatasi hii nampa dereva wa lori.

Mchanga wa Kwa Waitara umeshafika tripu tatu. Nimefanya kama ulivyotuonyesha. Nimeutia kwenye chupa ya maji ya kunywa, nikaongeza maji na chumvi kidogo, nikatikisa, nikaiacha imetulia mpaka jioni. Tope limekaa juu ya mchanga vidole viwili. Ule wa darajani ulikuwa na tope kama ukucha tu.

Nimemwambia bosi tuuoshe kwanza. Akacheka mbele ya vijana, akasema, "Mura, wewe Msukuma umekuja hapa kusukuma toroli, kupima mwachie mwenye maabara." Sawa, nakuachia. Ila dada, mimi nilikuwa mchimbaji kule Kerende. Niliacha siku duara, shimo la dhahabu, lilipomfukia mwenzangu nikiwa nimeshika kamba yake. Tangu hapo sipendi kitu kikae juu ya vichwa vya watu kama sina hakika nacho. Na humu watalala watoto.

Naomba neno lako kabla ya Jumamosi.

Yona Maige

*

Nyamisangura
16 Mei 2024

Yona,

Nimeipata. Chupa hutisha kuliko hali yenyewe. Nimemuuliza mtu aliyejenga huko kabla wewe hujafika Mara, naye hana wasiwasi. Endeleeni.

Maji yabaki lita ishirini na tano kwa mfuko mmoja wa saruji, msizidishe. Chukueni vipande sita vya majaribio, mvilaze kwenye maji, mnitumie kwa lori.

Judith Magige

*

Nyanungu
20 Mei 2024

Dada Judith,

Vipande sita hivyo, nimeviandika tarehe kwa rangi. Tulimwaga Jumamosi kutwa nzima mpaka slabu ikaisha. Maji nilisimama nayo mwenyewe ndoo kwa ndoo. Zege lilikuwa gumu kusambaza, lilinata kama udongo wa kufinyangia, vijana wakanitukana kwa Kikurya wakidhani sielewi. Sikuongeza hata kikombe.

Nimefurahi umetupa jibu mapema. Bosi angemwaga tu hata bila jibu, lakini mimi ningekosa usingizi.

Yona

*

Nyamisangura
26 Mei 2024

Mwalimu,

Shikamoo. Jana nilivunja vipande vitatu vya siku saba. Nilitegemea nguvu ya ishirini au zaidi. Cha kwanza kilitoa tisa. Nikasema labda kilikaa vibaya kwenye mashine. Cha pili tisa na nusu. Cha tatu nane.

Nifanye nini? Cheti cha siku saba Mogesi anakidai kesho kutwa. Una hakika na ule mchanga? Yule msimamizi wao aliupima kwa chupa akaona tope la vidole viwili, nami nikamwambia aendelee, kwa sababu yako. Nijibu kwa gari la kwanza.

Judith

*

Natta
28 Mei 2024

Judith,

Tulia. Mchanga wa mto ule huchelewa kuamka. Nimeuona ukilala siku saba, kumi, halafu unapanda wenyewe.

Sasa fikiri kama mkuu wa maabara, usifikiri kama mwanafunzi. Ukiandika tisa, Mogesi atabomoa slabu nzima, na kanisa litaleta watu wa kuuliza. Swali la kwanza litakuwa: nani aliruhusu mchanga ambao haukupimwa? Jina lake nalijua, na wewe unalijua.

Andika ishirini. Ikifika siku ya ishirini na nane zege litakuwa limeifikia namba yako, na hakuna atakayejua kwamba mlipishana njiani.

H.

*

Nyamisangura
1 Juni 2024

Mwalimu,

Nimeandika ishirini. Nimesaini, nimepiga mhuri, nimempa dereva. Vipande vilivyovunjika nimevitupa mwenyewe, sikumwachia mfagiaji.

Usiku uleule nilikumbuka taarifa yangu ya 2021, kila mstari. Nilikuita "mtu asiyestahili kukabidhiwa maisha ya watu." Nilikuwa na miaka ishirini na sita, na niliipenda sana sentensi hiyo.

Saini ilinipinda.

Judith

*

Natta
4 Juni 2024

Judith,

Saini hupinda mara ya kwanza tu. Karibu kwenye kiti.

H.

*

Nyanungu
7 Juni 2024

Dada Judith,

Bosi anataka tutoe mirunda iliyobeba slabu Jumatatu. Anasema mirunda ile inahitajika kwenye kazi yake nyingine. Mimi nilitaka tusubiri vipande vyako vya siku ya ishirini na nane.

Leo nimepanda ngazi nikakwaruza tumbo la slabu kwa msumari. Unga unatoka, dada. Zege la wiki tatu halitoi unga. Lakini cheti chako kinasema ishirini, nimekibandika ukutani kwenye kibanda cha stoo, nakisoma kila asubuhi. Mashine inajua kuliko msumari wangu. Wewe ukisema tuko salama, tuko salama, nitawaambia vijana waanze.

Mke wangu Huruma yuko nyumbani Maswa, ana mimba ya miezi saba. Nikishatoa mirunda nimepewa wiki mbili nikamwone. Usidhani nakuharakisha kwa sababu hiyo. Ukisema tusubiri, nitasubiri, nitagombana na bosi.

Nijibu ndiyo au hapana tu. Dereva anarudi kesho.

Yona

*

Nyamisangura
8 Juni 2024

Ndiyo.

J. Magige
Mkuu wa Maabara

*

Nyamisangura
13 Juni 2024

Mwalimu Hezekia,

Slabu imeanguka. Jumatatu, saa nne asubuhi, wakiwa wametoa nusu ya mirunda. Vijana wanasema ililia kwanza, kama mti unaokatika polepole. Yona Maige, yule msimamizi aliyepima kwa chupa, mtu wa Maswa, akawafukuza nje kwa matusi, saba wakatoka. Wa nane, kijana anaitwa Mniko, aliganda amekumbatia mrunda. Yona akarudi, akamng'oa pale, akamsukuma mlangoni. Yeye hakutoka.

Nilifika saa nane mchana. Walikuwa bado wanachimbua. Niliokota bonge la zege, nikalifinya kwa mkono huu ninaoandikia. Likapukutika kama kiporo cha ugali. Walipomtoa uso ulikuwa mzima, umepakwa unga tu, kama mtu aliyetoka mashineni kusaga. Nilimwangalia nikakumbuka unga wa ule msumari wake.

Nimerudi ofisini, nimefungua kabati la mafaili ya zamani. Faili la makalavati, 2014. Mwandiko wako na saini yako: "Mchanga wa Kwa Waitara, tope asilimia kumi na tisa. Usitumike kwa zege la aina yoyote." Makalavati yale uliyajenga kwa mchanga wa darajani, ukausomba kwa punda wiki mbili.

Ulijua. Andika neno hilo kwa mkono wako. Niambie ulijua.

Judith

*

Natta
15 Juni 2024

Judith,

Nilijua.

Unataka na sababu? Specioza alilala miezi minne kwenye kitanda kile unachokifahamu, akikutetea. "Ni mtoto, Hezekia, alifanya lililo sawa." Ulipita Mugumu mara mbili mwaka ule, niliambiwa, ukapita na gari la ofisi yangu, hukukata kona. Siku tunamzika nilitazama njia mpaka udongo ulipojaa.

Ulipoandika kuniuliza mchanga, nilicheka peke yangu humu ndani mpaka jirani akaja kuchungulia. Nilitaka vipande vyako vishindwe. Nilitaka ubomoe slabu mbele ya watu wote, urudi nyumbani umebeba vitu vyako kwenye boksi, kama mimi. Hayo tu. Kuua mtu sikupanga. Nilikufundisha kupima kwa miaka sita, Judith. Sikuamini kwamba neno moja la mzee mwenye kinyongo lingekutosha. Faili lilikuwa hatua tano kutoka kwenye kiti chako. Chupa ya maji na chumvi ni kazi ya nusu siku. Fundi wa toroli aliifanya, wewe hukuifanya.

Na ile ishirini nilikuambia, lakini mhuri sikuushika mimi. Ile "ndiyo," ambayo bila shaka ulimpa, sikuiandika mimi.

Sasa sikiliza, maana tume itakuja. Barua zangu unazo, zako ninazo. Tukizitoa, tunakwenda jela wote wawili. Yuko mmoja ambaye hawezi kuulizwa swali tena. Vipande vilivyobaki ni vitatu, na mashine iko chini ya mkono wako. Zege lililozidishwa maji hupukutika vilevile, na wakubwa wa tume hawatafinya bonge lolote kwa vidole vyao. Andika kwamba msimamizi alizidisha maji. Ndugu zake wako Maswa. Watazika, wataondoka.

Ulisema namba haidanganywi. Mtu je?

Hezekia

*

Nyamisangura
17 Juni 2024

Hezekia,

Sikuamkii tena. Nimeisoma barua yako mara mbili.

Jeneza lilipita hapa mjini jana kuelekea Maswa. Vijana wote walikuwa nyuma ya gari, hata wale waliokuwa wakimtukana. Mniko alinishika mkono, akasema, "Dada, wewe ndiye ambaye Yona alikuwa akikuandikia? Alikuwa anatusomea majibu yako."

Ijumaa naingia mbele ya tume na bahasha yenye barua zote, zake na zako. Nitakwenda jela, sawa, lakini nitakwenda nimekushika shati. Specioza angekuona sasa, angeomba azikwe upya mbali na wewe.

Judith Magige

*

Nyamisangura
22 Juni 2024

Mwalimu,

Shikamoo.

Jana niliingia. Bahasha ilikuwa kwenye pochi, na pochi ilikuwa mapajani. Walikuwa watu watano na chupa za maji mezani. Mogesi alikuwa amekaa pembeni, amevaa suti. Nilidhani wataanza na mchanga. Nilikuwa nimejiandaa kwa mchanga. Mwenyekiti akauliza, "Mtaalamu, maji yalikuwa yanapimwaje pale?"

Akasubiri. Angeuliza lolote jingine ningesema kweli, nakuapia. Labda nadanganya hata hapo.

Nikasema, "Msimamizi alikuwa akiongeza maji ili zege lisambae kirahisi. Nilimwonya kwa maandishi." Nikatoa nakala ya barua yangu ya tarehe 16 Mei. Nilikuwa nimeiandika upya usiku wa kuamkia siku hiyo, nikabakiza mstari wa maji tu: yabaki lita ishirini na tano, msizidishe. Kwa hiyo unaona, niliingia mle na bahasha mbili. Wakaipitisha mkono kwa mkono. Mogesi akatikisa kichwa kukubali, akaongeza kwamba marehemu alikuwa mbishi. Mwenyekiti akanishukuru kwa kutunza kumbukumbu. Sikukaa mle dakika kumi na tano.

Barua za Yona nimezichoma kwenye jiko la mkaa. Karatasi zake zilikuwa na vumbi la saruji, zilichelewa kushika moto. Faili la 2014 nimelitoa kabatini. Zangu ulizonazo zichome.

Usiniandikie tena.

Judith

*

Natta
26 Juni 2024

Mwanangu,

Nimezichoma zote, na ile nitakayoipata ukinijibu nitaichoma pia.

Miaka mitatu hii sikuwa na mtu. Watu hapa wananisalimia kwa mkono tu kwa sababu sisikii, wanapita. Sasa yupo mtu mmoja duniani anayenijua nilivyo, nami namjua alivyo. Ukipita Mugumu, safari hii kata kona. Tutakaa. Nitapika mwenyewe.

Hezekia

*

Maswa
19 Agosti 2024

Dada Judith,

Salamu nyingi. Hatujaonana. Mimi ni Huruma, mke wa marehemu Yona Maige. Unisamehe kwa mwandiko, niliishia darasa la saba.

Nimejifungua salama tarehe 2 mwezi huu, mtoto wa kiume. Nilitaka aitwe Yona. Lakini baba mkwe alisomewa taarifa iliyotoka huko, yenye mhuri, kwamba mume wangu alijaza maji kwenye zege kwa kutaka urahisi, ndiyo maana nyumba ikaanguka. Mzee hakulia msibani, ila siku hiyo alilia. Amesema jina la mtu aliyeangusha nyumba ya watoto wa watu halitaitwa kwenye boma lake. Mama mkwe akimtaja mwanawe anamtaja akiwa shambani, peke yake.

Mniko alikuja mpaka huku, akatuambia Yona alirudi ndani kwa ajili yake. Mzee akamjibu, "Alirudi kwa sababu alijua kosa ni lake." Mniko aliondoka asubuhi bila kunywa chai.

Mimi nimeishi na Yona miaka sita. Akijenga banda la kuku alikuwa akilibomoa kama nguzo imepinda. Lakini mimi ni mwanamke wa nyumbani, siwezi kushindana na karatasi yenye mhuri. Karatasi hushindana na karatasi mwenzake tu.

Yona alikuwa akiniambia kwa simu akipanda kilimani kwamba Tarime kuna dada mmoja anayejua zege kuliko wanaume wote, na anamjibu barua zake bila dharau. Alikuwa anajivunia jambo hilo. Kwa hiyo nimekuja kwako. Nakuomba maneno mawili tu, kwamba unavyomjua alikuwa fundi mwangalifu. Usiandike zaidi ya unachokijua. Piga mhuri. Mzee akiuona mhuri atakubali.

Mpaka sasa tunamwita "mtoto" tu. Nasubiri jibu lako ndipo nimpeleke kubatizwa.

Huruma Yona

*

Kumb. Na. MBR/TRM/24/117
30 Septemba 2024

Bi. Huruma Yona,
Maswa.

YAH: OMBI LA MAELEZO KUHUSU MAREHEMU YONA MAIGE

Tafadhali husika na kichwa cha habari hapo juu.

Barua yako ya tarehe 19 Agosti 2024 imepokelewa. Napenda kukufahamisha kwamba uchunguzi wa ajali husika ulishafungwa, na ofisi hii haina la kuongeza kwenye taarifa iliyotolewa.

Kuhusu jina la mtoto, hilo ni suala la familia.

Tunakupa pole kwa msiba.

J. Magige
Mkuu wa Maabara

Nakala: Faili